Wiki nane za hospitali na Kihispania ughaibuni: nichunguze nini kabla ya kulipa?

Swali: "Nasoma uuguzi, mwaka wa tatu. Nimekubaliwa kwenye mpango wa wiki nane huko Amerika ya Kilatini: asubuhi hospitalini, mchana darasa la Kihispania, malazi kwa familia mwenyeji. Kihispania sikijui kabisa. Tangazo lao linasema wanafunzi huzalisha, hushona vidonda na kuchoma sindano tangu wiki ya kwanza. Je, kweli nitapata uzoefu wa kazi na lugha kwa pamoja? Na nichunguze nini kabla ya kulipa?"

Jibu:

Ndugu yangu, vyote viwili unaweza kuvipata, lakini si kwa mpangilio uliousoma kwenye tangazo. Sentensi iliyokuvutia zaidi, ile ya kuzalisha na kushona tangu wiki ya kwanza, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Kazi yangu ni kuwaandaa wanafunzi wa fani za afya kwa safari za namna hii, na kila mmoja namwambia hivi: jambo ambalo safari hii inaweza kukupa na chuo chako hakiwezi ni kumsikiliza na kumhoji mgonjwa kwa Kihispania. Kushona utajifunza nyumbani, mbele ya mkufunzi mnayeelewana, kwa mgonjwa anayeweza kukuambia "subiri kidogo" nawe ukasubiri. Ukiikubali hoja hiyo, karibu kila uamuzi mwingine utakuwa rahisi: uende lini, uende wapi, uwaulize nini.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Darasa la saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane, ni saa 160. Mtu anayeanza na sifuri akajituma kweli, saa hizo zitamfikisha karibu na A2 kwenye ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2. Mwenye A2 anajitambulisha, anauliza njia, anaeleza ratiba yake, anamwelewa mtu anayesema taratibu. Hawezi kupokea maelezo ya maumivu ya kifua kutoka kwa mzee mwenye hofu anayemeza nusu ya maneno. Kuchukua historia ya mgonjwa peke yako bila mkalimani, kwa maoni yangu, ni kazi ya mwenye B2. Vyuo vikuu vingi vya Hispania vinavyopokea wanafunzi wa kubadilishana kwa ajili ya mafunzo ya wodini huomba B1 au B2, na wana haki.

Kwa hiyo usiende bila Kihispania chochote. Jipe miezi mitatu au minne ya kusoma kabla ya safari, kila siku, hata kama ni saa moja tu. Na hapa wewe unayezungumza Kiswahili una faida ambayo wengi hawaijui. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawasawa na zetu. Wanafunzi wanaotoka kwenye Kiingereza huhangaika nazo kwa miezi; wewe utazisoma sahihi siku ya kwanza. Mkazo wa neno mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ulivyozoea. Herufi ñ ni "ny" yetu. Kitenzi chao hubeba mtenda ndani yake, tengo nina, tiene ana, tenemos tuna. Tofauti ni kwamba wao humweka mwishoni na sisi humweka mwanzoni. Hata upatanisho hautakushangaza: aliyezoea ngeli zetu zote hatashindwa na mbili zao, el niño está enfermo, mtoto wa kiume anaumwa, la niña está enferma, mtoto wa kike anaumwa. Kazi ngumu itakuwa nyakati za vitenzi, hasa zile mbili za wakati uliopita, na historia ya mgonjwa yote imesimama juu yake. Anza nazo mapema.

Kuna jambo lingine dogo ambalo wengi hulipuuza: tarakimu. Mwambie mtu akusomee, au weka sauti kwenye simu, vipimo vya shinikizo la damu, dozi, uzito wa watoto, tarehe za hedhi ya mwisho. Sesenta ni 60, setenta ni 70. Zinatofautiana kwa herufi moja na wodini hutamkwa kwa kasi. Mwanafunzi anayejua viungo vyote vya mwili lakini tarakimu zinampita ni hatari kuliko asiyejua chochote, kwa sababu wa pili angalau watu hawamwamini na kalamu.

Sasa nikuoneshe kwa nini nasema wiki za mwanzo usikilize tu. Chukua asubuhi ya kawaida kwenye kliniki ya watoto. Mama anaingia na mtoto wa mwaka mmoja. Daktari anauliza, ¿Desde cuándo?, tangu lini. Mama anajibu kwamba tangu juzi mtoto está suelto del estómago, yaani anaharisha, na jana usiku alikuwa na calentura, yaani homa. Kitabu chako kilikufundisha kuharisha na homa kwa maneno diarrea na fiebre, na hakuna hata moja kati ya hayo mama alilolitaja. Daktari anauliza kama mtoto ananyonya, kama analia machozi, mara ya mwisho alikojoa lini. Anafinya ngozi ya tumbo na kutazama inavyorudi. Mwanafunzi aliyekaa pembeni, kazi yake ikiwa kusikiliza tu, ataona kwamba maswali yale ni ya upungufu wa maji, yaleyale aliyoyasoma darasani kwake, na ataondoka na maneno sita mapya yaliyoshikana na uso na ugonjwa. Hayo hayasahauliki. Mwanafunzi aliyepewa kupima joto, kupima uzito na kujaza kadi kwa lugha asiyoijua atakuwa amejishughulisha sana, lakini mazungumzo yale yote yatakuwa yamempita.

Ndiyo maana darasa la mchana liwe mtoto wa asubuhi. Shule nyingi za Kihispania za Antigua na Quetzaltenango huko Guatemala zinajulikana kwa kumpa kila mwanafunzi mwalimu wake peke yake, na mfumo huo unakufaa mno: unafika na daftari lako la maneno uliyoyasikia kliniki, mwalimu anayafanyia kazi nawe, mnaigiza mgonjwa na muuguzi, kesho yake unarudi ukiyatambua. Kama mpango wako una darasa la watu kumi na tano wanaofuata kitabu cha watalii, kuagiza chakula na kuuliza bei ya hoteli, hiyo asubuhi na huo mchana havitakutana. Waulize wazi. Na katika daftari hilo usiandike jina la mgonjwa, kijiji chake, wala kitu chochote cha kumtambulisha.

Kwa watu wazima wote tumia usted, "wewe" ya heshima, si tú, "wewe" ya mazoea. Wenyeji wenyewe hubadilisha, na kwingine utasikia vos, ambayo nayo ni "wewe" ya mazoea, lakini mgonjwa hakuna atakayekwazika kwa kuheshimiwa.

Turudi kwenye kazi za mikono. Wewe ni mwaka wa tatu, kwa hiyo nyumbani tayari unaruhusiwa baadhi ya mambo mbele ya msimamizi: kupima vipimo vya awali, kusafisha vidonda, kuchoma sindano. Usifikiri kwamba ruhusa hiyo inasafiri nawe hivi hivi. Kuchoma sindano si kazi ya mkono peke yake. Lazima umuulize mgonjwa jina lake na ulinganishe na faili, umuulize kama ana mzio wa dawa, umweleze unachompa, kisha ulielewe jibu lake hata likiwa refu. Ukiuliza ¿Es alérgica a algún medicamento?, halafu mama akaanza kusimulia kisa cha miaka mitano iliyopita, nawe ukatikisa kichwa tu kwa adabu, umeacha hatua ya usalama ambayo chuoni wangekufelisha kwa ajili yake. Kwa hiyo kanuni yangu ina sehemu mbili: usifanye kule jambo lolote usiloruhusiwa kwenu, na lile unaloruhusiwa kwenu, kule lisubiri mpaka lugha yako ilibebe.

Si msimamo wangu peke yangu. Mwaka 2010 kundi la wataalamu linaloitwa WEIGHT lilichapisha miongozo ya maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa, yenye wajibu kwa chuo kinachotuma, taasisi inayopokea, mwanafunzi na mfadhili. Mwaka 2011 chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, nacho kikatoa mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda kujifunza kliniki nje ya nchi, kikionya kwamba kufanya yaliyo juu ya kiwango chako kunaweza kukuharibia maombi ya chuo badala ya kuyapamba. Tangazo linalojisifu kwa mambo hayohayo linakuambia wenye mpango ama hawaijui miongozo hiyo au hawaijali.

Tena kuna mtu mmoja ambaye matangazo haya hayamtaji: mwanafunzi wa palepale. Mexico huwataka wahitimu wa udaktari watumikie mwaka wa huduma kwa jamii, utaratibu ulioanza mwaka 1936. Peru ina utaratibu wa namna hiyo uitwao SERUMS, na Ecuador ina mwaka wa afya vijijini. Vijana hao baada ya muda mfupi watakuwa peke yao kwenye kituo cha mbali, usiku, na mama mwenye uchungu mbele yao. Kila uzazi anaopewa mgeni wa wiki nane ni uzazi ambao mmoja wao hakuushika. Sioni jinsi ya kulihalalisha hilo kwa ajili ya picha na mstari mmoja kwenye wasifu wa kazi.

Utabanwa, hata hivyo. Zamu ya usiku ina watu wachache, daktari amechoka, anakunyooshea sindano ya kushonea kwa nia njema kabisa kwa sababu amezoea wageni wanaoitaka. Hapo hutakuwa na muda wa kutunga sentensi. Ikariri ukiwa nyumbani: Todavía soy estudiante y no tengo autorización para hacerlo. ¿Puedo mirar cómo lo hace usted? Yaani, bado ni mwanafunzi na sina ruhusa ya kufanya hilo. Naomba nitazame unavyofanya. Itamke mpaka itoke yenyewe. Daktari wa kweli hatachukia. Mara nyingi ataanza kukueleza hatua kwa hatua, na hilo ndilo somo ulilolifuata.

Ridhaa ya mgonjwa nayo isichukuliwe kama kupiga hodi tu. Mtu aliyelala kitandani katika hospitali ya umma, akimwona mgeni mwenye koti jeupe nyuma ya daktari, atadhani naye ni daktari, na atakubali lolote. Jitambulishe kila mara kuwa wewe ni mwanafunzi na umwachie nafasi ya kukataa. Hispania ililiwekea jambo hili agizo la kitaifa mwaka 2017, la kulinda faragha ya mgonjwa mbele ya wanafunzi na madaktari walio mafunzoni. Guatemala ina sababu nzito zaidi. Kati ya mwaka 1946 na 1948, watafiti wa idara ya afya ya umma ya Marekani waliwaambukiza kwa makusudi magonjwa ya zinaa askari, wafungwa, wagonjwa wa akili na wanawake waliokuwa wakiuza miili, bila ridhaa yao. Watu zaidi ya 1,300 waliingizwa katika majaribio hayo. Dunia ilikuja kujua mwaka 2010, na Rais Obama akaomba radhi. Anayekwenda kukaa kwenye kliniki za nchi hiyo ajue habari hiyo kabla hajakutana na bibi anayemtazama kwa mashaka.

Kuhusu mahali, lipo swali ambalo wachache huliuliza: je, wagonjwa wenyewe wanazungumza Kihispania? Quetzaltenango na vijiji vyake utakutana na lugha za Kimaya, K'iche' na Mam. Cusco, huko Peru, na milima inayoizunguka ni Kiquechua. Bolivia katiba ya mwaka 2009 inazitambua lugha 36 za wenyeji kuwa rasmi pamoja na Kihispania. Mama wa kijijini huko anaweza kuwa na Kihispania cha kujifunza, kama chako, na muuguzi wa kituo akawa ndiye mkalimani. Sikwambii usiende. Utajifunza mengi juu ya huduma inayopita katika lugha mbili, na wagonjwa wanaosema Kihispania taratibu wakati mwingine ni rahisi kueleweka kwa anayeanza. Lakini kama shabaha yako ni kusikia Kihispania saa zote, Costa Rica ni chaguo zuri: karibu kila mtu ni lugha yake ya kwanza, na utaona mfumo wa bima ya umma, Caja, ulioanzishwa mwaka 1941 na unaofika hadi vijijini kupitia timu ndogo za afya ya msingi. Hospitali kubwa za kufundishia za Argentina na Hispania nazo zina mengi ya kuona, ila zifikirie ukishakuwa na B1.

Mwinuko usiudharau. Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, La Paz kama 3,600, Quito kama 2,850. Kichwa kinauma, usingizi hauji, ngazi moja inakukata pumzi. Omba siku mbili za kupumzika kabla ya kuingia wodini na uongee na daktari wako kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko.

Afya yako mwenyewe ianze kushughulikiwa leo, kwa sababu chanjo ya homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na mhudumu wa afya anapaswa kupimwa kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Homa ya manjano ni dozi moja, angalau siku kumi kabla ya safari. Cheti chake, tangu mwaka 2016, ni cha maisha yote, na nchi nyingi za huko hukidai kwa anayetoka kwenye ukanda wenye ugonjwa huo. Peru ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu sugu, kwa hiyo beba barakoa za N95 zinazokukaa vizuri, pima kabla ya kuondoka na upime tena wiki nane hadi kumi baada ya kurudi. Na hili lijue kabla hujagusa kitu chochote chenye ncha: ukijichoma, dawa za kinga ya dharura dhidi ya VVU, yaani PEP, zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na huendelea kwa siku 28. Waulize wenye mpango dawa hizo ziko wapi, nani anazitoa usiku wa Jumapili, na nani analipa. Wakibabaika, umeshajua jambo kubwa juu yao.

Viza na bima nisizirefushe. Muulize ubalozi wenyewe, si wakala, kama viza ya utalii inaruhusu mwanafunzi kukaa hospitalini. Bima iwe na malipo ya kusafirishwa kwa dharura na itamke kwamba inahusu mafunzo ya kliniki.

Kabla ya kulipa, waandikie kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi. Uliza jina la kituo utakakokuwa na cheo cha atakayekusimamia kila siku; asiwe "mratibu" anayekaa mjini. Uliza kituo kimesaini makubaliano gani na mpango, na sehemu gani ya ada yako inakifikia, maana muuguzi anayekufundisha anatumia muda wake wa kazi. Uliza wanafunzi wa nchini humo wako wangapi kwenye wodi hiyo hiyo. Omba kuzungumza na wanafunzi wawili waliomaliza, uwachague wewe kutoka kwenye orodha, na uwaulize walikuwa wakifanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne ya kawaida. Upande wa chuo chako, mwulize mkuu wa idara kwa maandishi kama saa hizo zitahesabiwa; mabaraza mengi ya uuguzi huhesabu tu saa za vituo yaliyoviidhinisha, na mwanafunzi aliyedhani atapunguziwa muda wa mafunzo hurudi akaurudia wote.

Halafu waombe wabadilishe ratiba yako: wiki mbili za kwanza darasa asubuhi na mchana, bila wodi, wiki ya tatu hadi ya tano kusikiliza kliniki ya nje pamoja na darasa, tatu za mwisho, msimamizi akiridhika, kuuliza maswali machache ya historia yeye akiwa kando na kupima vipimo vya awali. Waambie pia kwamba hutazalisha wala kushona. Mpango mzuri utafurahi kupokea mwanafunzi wa namna hiyo na utakuandikia ratiba mpya. Wakikujibu kwamba haiwezekani, omba kuahirisha au urudishiwe amana, na miezi unayoipata itumie kufika A2 ukiwa hapo ulipo.